Kikapu Hakitoki Kitupu

2 Oktoba, Pasiansi

Naanza kuandika humu kwa sababu siku nzima nashinda ndani ya lugha za watu, na jioni ikifika sina pa kusemea ya kwangu. Baba akiniuliza leo umefanya nini, nikimjibu kwamba nimetafuta neno zuri la Kijerumani la "mfuniko," ananitazama kwa macho ya mtu aliyelipa ada ya bure. Yeye fundi cherehani. Kazi yake ukiishika mkononi unaiona.

Kazi yangu ni hii. Duka letu la mtandaoni linauza vikapu vya mfuniko vinavyosukwa na akina mama wa ng'ambo, upande wa Sengerema, mbele kidogo ya pale kivuko kinapotia nanga Kamanga. Wao wanasuka, mimi naandika na kujibu wateja, Revocatus kule Nyegezi anaitengeneza tovuti. Mwaka mzima duka limesema Kiswahili na Kiingereza, na walionunua karibu wote ni watu wa Dar. Mimi nimesomea Kifaransa na Kijerumani. Nilifundisha Kifaransa mpaka shule ikaamua kwamba Kifaransa hakileti wanafunzi. Sasa nimesema duka liseme Kifaransa, Kijerumani na, kwa msaada wa kamusi, Kihispania na Kiarabu kabla Wazungu hawajaanza kununua zawadi za Krismasi.

Leo nilivuka kwenda kikaoni. Tatizo ni kwamba vuli inakaribia, na mikono ikishika jembe haishiki ukindu. Nikawaambia msimu huu waache jembe, wasuke, ili oda zikija zikute mzigo upo. Mama Odeta, mwenyekiti, alipiga makofi hata sijamaliza. Yule mama anapenda makubwa. Ukimwambia Ujerumani anaona kama umemtaja shangazi yake. Wengine wakamfuata. Akabaki Sabina, mjane, mwenye watoto wanne na shamba moja.

"Mwalimu, na wasiponunua?"

"Watanunua, Sabina. Mtu hununua kwa lugha anayoota nayo ndoto."

"Mimi naota kwa Kisukuma na sijawahi kununua kitu."

Walicheka, nami nikacheka, lakini ilinikera. Kila kikundi kina mtu wake wa kumwagia moto maji. Nilibaki naye pembeni nikamsemesha mpaka akakubali. Shamba lake amemwachia jirani yake Machibya alime msimu huu, naye atampa gunia mbili akivuna.

Nilikuwa nimewapelekea vitumbua kwenye hotipoti ya marehemu mama, ile yenye maua mekundu. Sabina ameirudisha imejaa karanga.

3 Oktoba

Baba amezila karanga zote, kisha ndiyo akapata nguvu ya kunisema. "Usiache mbachao kwa msala upitao." Nikamwambia mbachao wao ni jembe linalowavunja mgongo. Akaendelea kukanyaga cherehani.

7 Oktoba

Nimeshinda Nyegezi chumbani kwa Revocatus, jirani na stendi. Kompyuta moja, feni moja, sahani ya chipsi isiyoisha. Kijerumani kimetutoa jasho. Maneno yao ni marefu na yanamwagika nje ya vitufe. Pale palipoandikwa "Nunua" sasa pana neno linaloanzia ndani ya kitufe na kumalizikia juu ya picha ya kikapu. Revocatus alitaka kulikata nusu. Nikamwambia neno la watu si muwa.

"Dada, wote hao Kiingereza wanakijua."

"Kukijua si kukipenda."

"Haya. Niambie upana wa kitufe."

Ni mvivu wa kuamini, huyu. Anafanya kila ninachomwambia bila kuamini hata kimoja.

8 Oktoba

Joto. Mawingu yanajikusanya juu ya ziwa mchana, jioni yanatawanyika.

10 Oktoba

Vipimo. Akina mama wanapima vikapu kwa vinavyojaza: cha kisado, cha nusu debe, cha debe. Mfaransa atajuaje kisado? Nimeazima futi kamba ya baba nikapima kimoja kimoja. Baba alisimama pembeni, kisha akaninyang'anya. "Unapima kama mtu anayemkanda mtoto," akasema, akapima mwenyewe vyote, akinitajia namba nami naandika. Hakusema neno la msala wala mbachao.

12 Oktoba

Nimevuka tena, kupiga picha. Leo nimepata sentensi ya kufungulia duka, na nimefurahi mpaka nimeona haya.

Nilikuwa nawauliza kuhusu mnadani, wanavyouza. Mama Odeta akaniambia kwao mtu akinunua kikapu kipya hakabidhiwi hivi hivi. Muuzaji anatia kitu ndani, chochote: konzi ya karanga, dagaa, kiazi. "Ukimpa mtu chombo kitupu umempa njaa," akasema. Wenzake wakaitikia. Nikakumbuka hotipoti ya mama, ambayo tangu nianze kuja huku haijawahi kurudi tupu hata siku moja.

Basi nimeandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza: Kwetu, kikapu hakitoki kitupu. Kwa Kifaransa imekaa vizuri kuliko hata Kiswahili. Niliwasomea lugha zote, moja baada ya nyingine, na Kijerumani kiliwaua kwa vicheko.

Mama Odeta akauliza, "Kwa hiyo wameshaambiwa?"

"Wameshaambiwa, mama. Dunia nzima."

"Haya," akasema, akawageukia wenzake akawasemesha Kisukuma, nao wakaitikia kwa vichwa, kwa makini.

16 Oktoba

Mvua. Imenyesha kutoka alfajiri mpaka adhuhuri, barabara ya kwetu imekuwa mto. Ng'ambo huko leo kila mtu yuko shambani. Isipokuwa wetu.

18 Oktoba

Revocatus ananionyesha wageni wa duka. Wamekuja kutoka Lyon, kutoka Vienna, kutoka mji wa Kolombia nisioweza kuutamka. Wanafungua, wanasoma, wanaondoka.

"Wapita njia hao," akasema.

19 Oktoba

Mvua.

21 Oktoba

Swali la kwanza kwa Kifaransa! Mama mmoja anauliza kama kikapu kinafuliwa kwa mashine. Nilimjibu kwa adabu zote, aya tatu, nikamweleza ukindu ni nini na unavyokatwa. Hakurudi.

22 Oktoba

Swali kwa Kihispania: je, kusafirisha ni bure? Nilimjibu. Naye hakurudi.

25 Oktoba

ODA. Naiandika kwa herufi kubwa, baba asidhani ni ndoto.

Mwanamke mwenye duka la vitu vya mkono Hamburg. Anataka mzigo mzima, vikapu vyote vya mfuniko tulivyo navyo na vitakavyosukwa ndani ya wiki mbili, viwahi soko lao la Krismasi. Ameandika kwa Kijerumani. Anasema ametuona kwa bahati, akasoma ukurasa kwa lugha yake, na ile sentensi ya kwanza imemkaa moyoni. Ile sentensi! Atalipa mzigo ukishafika mikononi mwake. Akipenda watu wanavyonunua, mwakani ataagiza kila baada ya miezi mitatu.

Nilimpigia Revocatus. Akasema, "Basi Kijerumani kimelipa, dada. Nimeshindwa mimi." Aliisema kiungwana na nimempunguzia ile hasira yangu.

26 Oktoba

Nilivuka na kivuko cha kwanza nikiwa na pilau kwenye hotipoti. Waliposikia walipiga vigelegele mpaka watu wakatoka mashambani kuuliza kuna harusi ya nani. Mama Odeta alicheza akiwa ameweka kikapu kichwani.

Sabina alisubiri kelele ziishe.

"Amelipa?"

"Atalipa mzigo ukifika."

"Ukifika," alirudia. Halafu akacheka, mara yangu ya kwanza kumwona akicheka meno nje. Anasuka haraka kuliko wote, na vifuniko vyake vinakaa sawasawa bila kusukumwa. Nimemdhania vibaya. Si mtu wa kukatisha tamaa. Ana watoto wanne, ndiyo maana anauliza.

Hotipoti imerudi na michembe, vile viazi vyao vya kukatwa na kukaushwa. Baba hapendi michembe. Ameila.

2 Novemba

Sanduku la kikundi limekwisha lote kwa nauli ya ndege ya kupeleka mzigo. Mama Odeta ametia saini bila kutikisika. Nilipopita njiani kutoka kwake niliona shamba la Sabina: mahindi ya Machibya yameota, mistari imenyooka. Mashamba ya wenzake wote yana majani tu.

8 Novemba

Siku ya kufunga mzigo. Nimechoka lakini niandike.

Walivuka asubuhi na mvua juu yao, vikapu vimefunikwa turubai, wakavishusha barazani kwa baba. Vilikuwa vizuri. Sijui niseme vipi tena, vilikuwa vizuri. Kila mfuniko ulikuwa umefungwa kwa uzi wa ukindu. "Visipoteze umbo," alisema Mama Odeta, nami nikaona hiyo ni akili.

Saa hiyo hiyo Revocatus akapiga simu kwamba ukurasa wa Kiarabu umepinduka. Kiarabu huandikwa kutoka kulia, na alipougeuza ukurasa, picha zikaenda upande mmoja, bei upande mwingine, na namba ya simu ikasomeka kinyumenyume. Kulikuwa na mtu wa Muscat aliyekuwa akiulizia tangu jana, na mimi niliona Muscat ndiyo Hamburg ya pili. Nikakaa na kompyuta kwenye kona, simu sikioni, nikimsomea Revocatus herufi moja moja.

Sabina alikuja akasimama mbele yangu. "Mwalimu, njoo uone kabla hatujaingiza kwenye maboksi."

"Fungeni tu, Sabina. Nawaamini."

Alisimama kidogo, akaenda. Baba akakata utepe wa gundi, wakafunga. Mimi nilijaza fomu ya forodha kwa Kijerumani changu kizuri kuliko vyote: vikapu vitupu vya kusukwa kwa mkono.

Mtu wa Muscat hakununua.

9 Novemba

Mzigo umeondoka.

13 Novemba

Mzigo umetua Ujerumani. Nimewatumia ujumbe. Mama Odeta alijibu kwa sauti ndefu ya kelele za watu wengi wakisema wabeja, wabeja, asante yao ya Kisukuma.

15 Novemba

Mzigo uko forodhani.

16 Novemba

Mzigo uko forodhani. Mvua kubwa, umeme umekatika.

17 Novemba

Mzigo uko forodhani. Nimemwandikia mama wa Hamburg kumtuliza. Amenijibu kwamba soko linaanza wiki ijayo.

19 Novemba

Bado.

21 Novemba

Imekuja barua kutoka forodhani. Kurasa mbili, Kijerumani cha ofisini, kile kisicho na mtu ndani yake. Niliisoma mara ya kwanza nikadhani sijaelewa. Nilipoisoma tena nikatamani iwe kweli kwamba sikuelewa.

Walifungua boksi moja kukagua. Ndani ya kikapu cha kwanza walikuta samaki wakavu. Ndani ya cha pili, karanga mbichi. Wakafungua vyote. Dagaa, karanga, michembe, choroko, mbegu za mahindi zenye wadudu. Fomu ilisema vikapu vitupu. Vyakula na mbegu bila cheti haviingii, na kila kilichogusana navyo kinahesabiwa kimechafuka. Mzigo wote umechomwa. Kuanzia sasa mzigo wowote kutoka kwetu utafunguliwa na kukaguliwa kwa gharama ya aliyeutuma.

Nimekaa barazani. Baba alipoona nimeacha kuandika aliacha na yeye cherehani, akaja akakaa karibu yangu. Hakusema msala, hakusema mbachao. Afadhali angesema.

22 Novemba

Nilivuka mikono mitupu. Sikuwa na uso wa kubeba vitumbua.

Walikuwa wamekaa kwa Mama Odeta wakisuka. Walikuwa wameshaanza mzigo mwingine, wa mwakani, wa ile miezi mitatu mitatu. Waliniamkia kwa furaha. Nikaanza kuwatafsiria barua. Nimetafsiri vitu vingi maishani, na hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwatafsiria wao kitu.

"Wamefungua vikapu," nikasema. "Wamekuta dagaa. Karanga. Michembe."

"Eee, tuliweka," alisema Mama Odeta, na uso wake uling'aa kwa fahari. "Hakuna kilichotoka kitupu, hata kimoja."

"Mama, kwa nini hamkuniambia?"

"Tukuambie nini, na wewe ndiye uliyewaahidi? Ulisema umewaandikia dunia nzima. Tulikaa hapa tukasemezana, jamani, vikapu vyote hivi, tutavijaza na nini? Kila mtu akatoe alicho nacho. Tusije tukamfanya mwalimu mwongo huko. Ahadi ni deni."

Nilitaka kusema yale yalikuwa maneno tu, maneno ya kupamba duka. Nilitazama mikono yao na sikuweza kulitamka hilo, kwa sababu mila ni yao na mimi ndiye niliyeigeuza pambo.

"Sasa, amevipokea?" akauliza mmoja.

"Hakuvipokea. Serikali yao imevichoma."

"Dagaa?"

"Vyote. Dagaa na vikapu."

"Vikapu vimekosa nini?"

Nikaeleza. Nikasema wadudu, nikasema magonjwa ya mimea, nikasema sheria, cheti, forodha. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyowaona wakielewa kitu kimoja tu, kwamba walimpa mgeni chakula naye akakichoma moto pamoja na chombo. Mama mmoja alifunika mdomo. Mama Odeta aliweka chini kikapu alichokuwa akisuka, taratibu, kitako chake ndiyo kwanza kimeanza kuonekana.

Sabina ndiye aliyesema mwisho.

"Mimi niliweka mahindi."

"Ndiyo. Wameandika mbegu."

"Yalikuwa ya kupanda. Nilikuwa nimeyatunza tangu mavuno. Sasa shamba nimempa Machibya, nikaona yatabunguliwa bure ndani. Nikasema bora niyagawe kwenye vikapu, huyo mama wa huko ayapande kwake." Akanigeukia. "Nilikuita uone."

"Uliniita."

"Ukasema tufunge."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa kwa ubaya ningejua pa kushika. Nililia mbele yao, na hapo wakaanza kunibembeleza mimi, jambo lililonitia aibu kuliko yote. Mama Odeta alinisindikiza mpaka kivukoni, akinishika mkono, akiuliza kama tukiwaandikia wale watu wa serikali kwa lugha yao vizuri hawawezi kutusikia.

23 Novemba

Nimewaandikia. Kijerumani safi, kurasa tatu.

24 Novemba

Mama wa Hamburg amejibu. Ana huruma, anasema imemuumiza, anasema mila ni nzuri sana. Amenunua vikapu vya mashine kwa ajili ya soko. Hataagiza tena kwa sababu hawezi kukabiliana na ukaguzi kila mara. Amemalizia kwa kututakia Krismasi njema.

27 Novemba

Hakuna aliyejibu ile barua ya kurasa tatu.

1 Desemba

Mvua njema. Kila mtu anaisifu. Dereva wa bodaboda ameisifu, muuza maziwa ameisifu. Mwaka wa mahindi huu, wanasema.

4 Desemba

Nimewauliza watu wa kilimo kama mahindi yakipandwa sasa yatawahi. Wamesema yakipandwa leo yatakauka mvua ikikatika Januari. Kisha wakaniuliza mbegu ninazo za aina gani.

9 Desemba

Nimejaribu hoteli za mjini, nimejaribu maduka ya watalii. Vikapu vilivyobaki ni vile vilivyoanzwa, havina mifuniko. Akina mama wameacha kusuka. Ukindu wenyewe umekwisha, na fedha ya kununua mwingine hawana pa kuitoa.

14 Desemba

Revocatus amenipigia, sauti yake ina woga wa mtu aliyeleta zawadi siku ya msiba. Amekesha akaunyoosha ukurasa wa Kiarabu. Nimeufungua. Namba zimekaa, picha zimekaa, herufi zinatembea kutoka kulia kama inavyotakiwa. Vitufe vya Kijerumani havimwagiki tena. Duka linasema lugha zote sita vizuri, na halina kikapu hata kimoja cha kuuza.

"Uliniambia nitengeneze," akasema. "Sikujua niache saa ngapi."

Nilimwambia asante, na nilimaanisha. Nilimwita mvivu wa kuamini, na sasa yeye ndiye aliyebaki akifanya kazi.

19 Desemba

Nilivuka kumwona Sabina. Sikumkuta nyumbani. Mtoto wake mkubwa akanionyesha kwa kidole: yuko shambani. Nikafurahi upesi upesi, nikadhani Machibya amemrudishia hata kipande. Nilipofika nilimkuta ameinama katikati ya mahindi yaliyompita kiuno, na mistari miwili mbele yake Machibya amesimama akionyesha pa kuanzia. Anapalilia kwa kibarua. Shamba lake mwenyewe, kwa kibarua.

Na zile gunia mbili? Anasema ameshakopa juu yake, unga wa mwezi uliopita na wa huu.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia Machibya.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa mtandao?"

"Ndimi."

Alinitazama, akarudi kuonyesha mistari. Si mtu mbaya. Amepewa shamba akalilima, basi. Sabina alinyanyua jembe kunisalimia, akainama tena, maana kibarua hakisubiri mazungumzo.

24 Desemba

Mvua imepungua. Nimepika pilau ya kuku, nyingi. Baba ametoa fedha ya kuku bila kuombwa. Nimeijaza hotipoti ya mama mpaka mfuniko ukakataa kukaa, nikampa mtu wa kivukoni aifikishe kwa Sabina kesho, wale Krismasi na watoto.

25 Desemba

Amepiga simu. Nyuma nilisikia watoto wakigombania mfupa. Alisema "asante mwalimu" mara nyingi, kisha bando likakatika.

29 Desemba

Nimeifuta ile sentensi. Kijerumani kwanza, halafu Kifaransa, Kihispania, Kiingereza. Kiarabu nilimwachia Revocatus aifute, sikutaka nikipindue tena. Ya Kiswahili nimeiacha, kwa sababu hata wateja wa Dar huingia kwa Kiingereza.

3 Januari

Hakuna mvua.

6 Januari

Hakuna mvua. Revocatus anauliza kama tulilipie duka mwaka mwingine ama tulizime. Nimemwambia anipe wiki moja. Sijui nafikiria nini katika wiki hiyo.

9 Januari

Mama Odeta amekuja Pasiansi, mara yake ya kwanza kuja bila mzigo. Amekonda, na ile sauti yake ya mikutano imeshuka. Alimsalimia baba, akakaa barazani, akanywa chai. Aliniambia kikundi kimevunjika chenyewe, hakuna aliyegombana. Wawili wameenda Geita kutafuta vibarua. Sabina bado yuko kwa Machibya, palizi ya pili. Nilimwomba msamaha tena. Akaniambia nisirudie kumwomba, kwa sababu na yeye alipiga makofi kabla sijamaliza kusema.

Alipoinuka alitoa hotipoti kwenye mfuko wake wa kanga. Maua mekundu, mfuniko umefungwa vizuri.

"Sabina amesema asante sana."

Nilinyoosha mkono kufungua, kama kawaida yetu, nimwage kilichomo kwenye sahani nikirudishe chombo pale pale jikoni. Alinishika mkono.

"Utaifungua nikishaondoka, mwanangu."

Hakuwahi kuniita mwanangu. Nilimsindikiza mpaka njia panda. Tulisema habari za mvua, za goti lake, za bei ya unga. Niliporudi niliiweka mezani nikaifungua.

Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa, inanukia sabuni ya mche. Nilipitisha vidole chini mpaka pembeni kabisa, nikatafuta hata punje.

Baba aliuliza kutoka kwenye cherehani, "Leo wametuletea nini?"

Nikamwambia wametuletea chombo chetu.